Kula bulalo na pares kwa mara ya kwanza: mwongozo wa mgeni Ufilipino

Maswali huwa ni yale yale. Mtaalamu anayekuja Los Baños kwa mafunzo katika IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, baharia ambaye meli yake imefunga gati Batangas au Manila, mfanyakazi wa Dubai aliyealikwa chakula na wenzake Wafilipino, wote wanataka kujua: ile supu ya ng'ombe ina nguruwe ndani yake? Inaagizwaje? Mbona haijakolea chumvi? Na ule mfupa mkubwa unaliwa vipi mbele za watu? Nimeyapanga majibu hapa kwa hatua, tangu unapotoka nyumbani hadi unapolipa.

Ninazozungumzia si hoteli kubwa. Ni karinderya, yaani mama ntilie wa Kifilipino: meza za kitambaa cha plastiki, sufuria zimepangwa kaunta, na mwenye mgahawa anayewajua wateja wake kwa majina. Inayouza hasa bulalo huitwa bulalohan, inayouza pares huitwa paresan. Nazipenda sehemu hizi kuliko mikahawa ya Manila yenye viyoyozi, na nataka nawe ukiingia ule ukashiba, si uonje na kuondoka ukishangaa wanasifia nini.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Supu ya Kifilipino huletwa mezani ikiwa bado haijakamilika. Mpishi amemaliza yake, iliyobaki ni kazi yako. Pale mezani utakuta vindimu, pilipili, siki na chupa mbili tatu za rangi ya kahawia, na mchanganyiko utakaoutengeneza kwa vitu hivyo huitwa sawsawan. Wengi wanaosema bulalo ni maji ya moto yenye nyama hawakuigusa sawsawan.

Supu zenyewe, kwa ufupi

Bulalo ni muundi wa ng'ombe uliokatwa pamoja na mfupa wake, ukachemshwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi mpaka nyama inaachia yenyewe. Humo hutiwa kitunguu maji, pilipili manga nzima, vipande vya mahindi mabichi, pengine viazi, na mwishoni kabisa kabichi na pechay, mboga ambayo mtu wa Tanzania ataiona na kusema hii ni chainizi. Supu ni nyepesi na angavu, haina nyanya wala nazi. Mkoa wa Batangas, kusini mwa Manila, unajulikana kwa ng'ombe wake na ndio unaotajwa kuwa nyumbani kwa bulalo. Lakini watu wengi huifuata Tagaytay, kilomita kama 60 kutoka Manila, mji ulio juu ya ukingo unaotazama ziwa na volkano ya Taal. Huko kuna ubaridi, na ubaridi ndio unaomfanya mtu aitake supu ya moto.

Pares ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, tangawizi na kile kiungo kikavu chenye umbo la nyota, hadi ikawa laini na tamu kidogo. Huja na wenzake wawili: wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, unaoitwa sinangag, na bakuli la supu nyepesi yenye majani ya vitunguu. Ni chakula cha Manila na Quezon City, cha madereva, wanafunzi na watu wa zamu za usiku. Kwenye vibanda vya mtaani utakuta nyama na mchuzi vimewekwa bakuli moja, mzito na wenye kunata.

Kuna na nilaga. Hii ni supu ya kila siku ya nyumbani, mboga ni zilezile lakini nyama ni ya kawaida, bila mfupa wa uboho. Angalia jina lote: *nilagang baka* ni ya ng'ombe, *nilagang baboy* ni ya nguruwe.

Ukiwa peke yako, anza na pares. Mkiwa watatu au zaidi na mna nusu siku ya kupoteza, nendeni mkale bulalo, kwa sababu sufuria yake ni ya kushirikiana na mtu mmoja hawezi kuimaliza kabla haijapoa.

Uwe na nini kabla ya kutoka

Noti ndogo. Pares ya mtaani huanzia kama peso 50 na kupanda hadi mia na kitu. Bulalo ya kushirikiana Tagaytay ni mamia kadhaa. Beba noti za 50 na 100 na sarafu za kutosha. Ukitoa noti ya 1,000 kwa bakuli la peso 70, muuzaji atalazimika kuacha sufuria na kwenda kutafuta chenji kwa jirani. Wenyeji wengi hulipa kwa simu kupitia GCash, ila kwa mgeni wa siku chache fedha taslimu haina usumbufu.

Tishu au leso, kwa sababu mafuta ya bulalo hushika vidole na midomo. Chupa ya maji iliyofungwa kama tumbo lako bado halijazoea maji ya pale. Na njaa ya kweli: usinywe chai nzito asubuhi ya siku ya bulalo.

Kisha maneno haya, uyaandike kwenye simu au kikaratasi:

- *Isang bulalo po, dalawang kanin.* Bulalo moja, wali sahani mbili.
- *May baboy po ba ito?* Hii ina nguruwe?
- *Pahingi po ng sabaw.* Naomba supu.
- *Pahingi po ng kalamansi.* Naomba vindimu.
- *Magkano po lahat?* Yote ni bei gani?
- *Pabalot po.* Naomba unifungie nibebe.
- *Salamat po.* Asante.

Hilo *po* linalojirudia ndilo la heshima. Usiliache, hasa ukizungumza na mtu aliyekuzidi umri. Wafilipino wengi wanajua Kiingereza na utaelewana nao hata bila maneno haya, lakini ukisema *po* uso wa mama wa kaunta hubadilika hapo hapo, na mara nyingi kipande cha nyama unachopewa nacho hubadilika.

Hatua kwa hatua

1. Chagua saa yako. Hili linaharibu milo mingi kuliko kosa jingine lolote. Karinderya ya kawaida hupika asubuhi na kuuza hadi kiishe. Fika saa tano na nusu asubuhi, kwani ukifika saa nane mchana utakuta mabaki na mboga zilizolainika kupita kiasi. Bulalo ya Tagaytay ifuate siku ya kazi kabla ya saa sita mchana. Jumamosi na Jumapili barabara hujaa magari kutoka Manila na utakaa foleni na njaa yako. Pares ni kinyume: ni ya usiku, na paresan nyingi hazifungi kabisa. Usipange kula supu ya ng'ombe siku ya Ijumaa Kuu. Nchi ni ya Wakatoliki wengi, siku hiyo hawali nyama na sehemu nyingi hufungwa.

2. Tazama kabla hujakaa. Sufuria iwe inatoa mvuke, si vuguvugu. Wateja wawe wanaingia na kutoka, hasa madereva, maana wao hula pale kila siku na hawarudi palipowaumiza tumbo. Kijiko na uma viwe vimetumbukizwa kwenye chombo cha maji ya moto, jambo la kawaida katika karinderya nzuri. Tagaytay, kama huna unapopajua, nenda Soko la Mahogany: chini kuna mabucha ya nyama ya ng'ombe, juu kuna safu ya bulalohan. Nyama inapanda ngazi tu kufika sufuriani. Watu wa kila kibanda watakuita uingie kwao. Tembea hadi mwisho wa safu, tazama mabakuli ya waliokwisha kuletewa, kisha uchague.

3. Salimia na uite mtu anavyoitwa. Mwanamke anayekuhudumia ni *Ate*, dada mkubwa. Mwanamume ni *Kuya*, kaka mkubwa. Aliye makamo ya mama yako ni *Nanay*. Usipige mluzi wala kupiga vidole. Ukiwapita waliokwisha kuanza kula, huenda mmoja akakwambia *Kain po*, yaani karibu chakula. Ni adabu ile ile tuliyolelewa nayo: jibu *Salamat po*, tabasamu, uendelee na safari yako. Usivute kiti.

4. Uliza habari ya nguruwe, na uulize vizuri. Kama kwako si tatizo, ruka hadi hatua ya tano. Kama wewe ni Mwislamu, au Msabato, au huli tu, soma taratibu.

Kuona neno *baka*, ng'ombe, kwenye ubao hakutoshi. Kwanza, pares za siku hizi hupambwa kwa nyama nyingine juu. Mwaka 2024 pares ya namna hiyo, waliyoiita *overload*, ilivuma nchi nzima kupitia kibanda cha muuzaji aitwaye Diwata huko Pasay, mji jirani na Manila, kilichouza bakuli kwa peso 100 pamoja na wali na supu ya kuongeza. Vinavyowekwa juu ni kama *lechon kawali* na *chicharon bulaklak*, na vyote viwili ni nguruwe. Pili, wali unaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tatu, upawa mmoja huweza kuzunguka sufuria zote za kaunta. Kwa hiyo ukisema *May baboy po ba ito?* ukajibiwa *wala*, yaani hakuna, umejibiwa kuhusu nyama iliyo ndani ya bakuli tu. Hujajibiwa kuhusu mafuta, upawa wala uchinjaji.

Anayetaka halali kwa uhakika aende kwa Waislamu wenyewe. Manila, zunguka eneo la Quiapo karibu na Masjid Al-Dahab, Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976. Hapo kuna vijigahawa vya Wamaranao, kabila la Waislamu kutoka Mindanao, kisiwa cha kusini. Na ukijaaliwa kufika Zamboanga, tafuta *tiyula itum* ya Watausug, nao pia kabila la Waislamu: supu ya ng'ombe iliyo nyeusi kwa sababu ya nazi iliyochomwa hadi ikaungua na kusagwa pamoja na viungo, ikatiwa manjano, tangawizi na mchaichai. Huliwa na wali vilevile. Kwa maoni yangu mtu wa pwani ataipenda hiyo kuliko bulalo, kwa sababu ina nazi na ina viungo, na hahitaji kuzoeshwa.

5. Agiza kidogo kwanza. Kwenye karinderya unanyoosha kidole kuelekea sufuria unayotaka na unapimiwa. Wali huagizwa kando kwa kikombe: *kanin* ni mweupe, *sinangag* ni wa kukaanga. Kwa pares chukua sinangag. Kwa bulalo chukua kanin, maana wali wa kukaanga una ladha yake na utagombana na supu. Usiagize wali wa pili kabla hujamaliza wa kwanza. Ukionekana unaelekea kuishiwa utaulizwa. Pale palipoandikwa *unli rice* unaongezewa wali bila malipo, lakini kuuacha kwenye sahani ni aibu, na sehemu nyingine hutoza anayebakisha.

Kwenye bulalo taja ukubwa, na uliza bei kabla haijapakuliwa. Si kwamba utaibiwa. Ni kwamba sufuria ya watu watano inafanana na ya watu wawili mpaka iwekwe mezani.

6. Chukua kijiko mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto. Kisu hakuna, wala hutakihitaji. Uma kazi yake ni kusukuma chakula kwenye kijiko na kushika nyama wakati kijiko kinaikata. Kula kwa mkono kupo sana Ufilipino, kwenye samaki wa kuchoma na vyakula vikavu. Kwenye supu shika kijiko.

7. Onja supu tupu. Vijiko viwili, bila kutia kitu. Unatafuta mambo mawili: utamu wa mfupa, ambao hukaa nyuma ya ulimi, na kiwango cha chumvi. Kama mezani kuna chupa ya unga wa kiungo cha dukani usiharakishe kuimwaga. Supu nzuri haihitaji, na mbovu haitapona kwa huo.

8. Tengeneza sawsawan. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Kwa bulalo, omba kisahani. Kamua kalamansi tatu au nne ndani yake. Ni vindimu vidogo vya kijani, vyenye nyama ya rangi ya chungwa na mbegu nyingi. Kata kipande cha juu tu, usikate katikati, kisha ukamue ukiwa umekingia kijiko chini ili mbegu zibaki kijikoni. Ongeza patis, mchuzi wa samaki aliyechachishwa kwa chumvi, kijiko kidogo kimoja. Harufu yake ya kwanza ni kali na wengine huirudisha chupa. Subiri ichanganyike na ndimu, itatulia. Mwisho weka *siling labuyo*, ambayo kwetu ni pilipili kichaa, moja au mbili, uiponde kwa mgongo wa kijiko. Onja kwa ncha ya ulimi: ianze uchachu, ifuate chumvi, mwisho ukali. Ukiona chumvi inatangulia, kamua kalamansi nyingine.

Sasa nyama ichovye humo kipande kwa kipande. Usiimwage sawsawan kwenye bakuli la supu. Ukishatia chumvi bakuli zima huna njia ya kurudi, na mkiwa mnashirikiana umewaharibia wenzako. Kila mtu na kisahani chake, kwani kiasi cha pilipili cha mmoja si cha mwingine.

Kwa pares kanuni inabadilika. Nyama tayari ina sosi ya soya na sukari, kwa hiyo inachohitaji ni uchachu na ukali. Kamua kalamansi moja kwa moja juu ya nyama, kisha tone la mafuta ya pilipili na kitunguu saumu yanayokaa kwenye kikopo mezani. Siki kidogo kama mafuta ni mengi. Chupa ya sosi ya soya iache ilivyo. Nawaona wageni wakiimimina kwa sababu ni kitu pekee mezani wanachokitambua, halafu wanalalamika kwamba pares ina chumvi.

Mwenye mzio wa samaki au kamba aachane na patis na pia na *bagoong*, ule uji wa zambarau au kahawia wa kamba au dagaa waliochachishwa. Aombe chumvi ya kawaida: *asin*.

9. Kula wali na supu kwa zamu. Usimimine wali wote ndani ya bakuli. Weka wali sahanini, chota supu vijiko viwili uimwagie upande mmoja wa wali, kula upande huo pamoja na nyama iliyochovywa, kisha uendelee. Hivyo wali unabaki na chembe zake na supu inabaki ya moto. Kwa pares ni muhimu zaidi: sinangag iliyozama kwenye mchuzi mzito inageuka uji, na ule ukavu wa kitunguu saumu kilichokaangwa, ambao ndio raha yake, unapotea.

Mahindi yashike kwa mkono. Mboga zile mapema, maana pechay haingoji.

10. Uboho ule ungali moto. Mfupa wa bulalo umekatwa na kuacha tundu katikati. Ndani yake kuna uboho, laini, wa rangi ya maziwa inayoelekea ukijivu. Ukiusubirisha hadi mwisho utaukuta umeganda, na katika ubaridi wa Tagaytay haichukui muda mrefu. Kwa hiyo baada ya kutengeneza sawsawan, fuata mfupa.

Shika mfupa kwa tishu, uinamishe juu ya sahani yenye wali wa moto, na usukume uboho utoke kwa mpini wa kijiko kutoka upande ulio mpana. Sehemu nyingine huleta kijiko chembamba au mrija kwa kazi hiyo. Ukikataa kutoka, gonga mfupa taratibu kwenye ukingo wa sahani. Kuushika kwa mikono au kuufyonza si utovu wa adabu bulalohan. Kila meza inafanya hivyo. Uchanganye na wali, kamulia kalamansi, dondoshea patis tone moja au mawili, ule hapo hapo.

Mkiwa wengi mgawane, kwani ni kidogo na ni mzito. Mwenye gauti, shinikizo la damu au lehemu nyingi aonje kijiko kimoja akaishie hapo, na patis aipunguze vilevile.

11. Omba supu ya kuongeza. *Pahingi po ng sabaw.* Sehemu nyingi za pares huongeza bila malipo, na kwenye bulalohan nyingi pia utajaziwa ukiomba kwa adabu, mara moja. Hata kwenye karinderya ya kawaida, aliyenunua kitoweo na wali mara nyingi hupewa kibakuli cha supu bure. Omba wakati bado una wali. Kuomba ukiwa umekwisha kumaliza kila kitu huonekana kama unataka mlo wa pili.

12. Lipa. Karinderya nyingi unalipa baada ya kula: simama, nenda kaunta, sema *Bayad po*, utaje ulichokula. Wanakuamini useme kweli, kwa hiyo hesabu vikombe vyako vya wali sawasawa. Vibanda vya pares vyenye foleni hutaka malipo mbele. Bakshishi haidaiwi, kuacha sarafu za chenji kunapokelewa vizuri.

Mambo yakienda kombo

*Supu haina ladha hata baada ya sawsawan.* Pengine umepakuliwa kutoka juu, ambako ni maji na mafuta. Mwombe Ate akoroge na kukupakulia kutoka chini. Kama bado, ni supu ya mifupa iliyochemshwa mara ya pili. Maliza nyama, usirudi hapo.

*Mafuta yameganda juu na midomo inanata.* Mafuta ya ng'ombe ndivyo yalivyo. Omba supu ya moto uongeze, usijilazimishe kunywa iliyopoa, na usinywe maji ya barafu katikati ya bulalo.

*Nyama ni ngumu.* Umepewa iliyoingia sufuriani karibuni. Rudisha bila ugomvi, omba yenye *litid*, zile kano zinazong'aa. Mgeni huziepuka akidhani ndizo ngumu, kumbe baada ya saa nyingi za moto ndizo laini kuliko nyama yenyewe.

*Mfupa hauna uboho.* Wakati mwingine hudondoka sufuriani ukiwa umepikwa sana. Onyesha tundu tupu kwa upole. Mara nyingi utatafutiwa mfupa mwingine au uboho utachotwa kwenye sufuria. Ndiyo maana angalia mfupa ukiwekwa mezani, si dakika ishirini baadaye.

*Pares ni tamu mno.* Kalamansi mbili na siki kidogo. Hakuna dawa nyingine.

*Pilipili imekushinda.* Kula wali mkavu, utafune taratibu. Maji yatausambaza moto.

*Huwezi tena kula wali.* Kwenye paresan nyingi kuna *mami*, tambi ndani ya supu. Aliyeifanya mami ipendwe Manila ni Ma Mon Luk, Mchina kutoka Guangdong aliyefika mwaka 1918 akaanza kuiuza akitembea mitaani na vyombo vyake begani. Mami ya ng'ombe ni nyepesi tumboni na inafaa usiku wa manane, ila uliza tena swali la nguruwe.

*Watu wanakutazama.* Nje ya Manila Mwafrika anaweza kuwa wa kwanza kukaa kwenye meza ile. Utaulizwa unatoka wapi, umeoa au umeolewa, na kama unakula wali kwenu. Jibu. Ukimwambia mama wa kaunta kwamba kwenu nako wali na supu ya mifupa ni chakula cha kila siku, mazungumzo yatakwenda mbali na huenda ukapewa kipande cha ziada.

*Bulalo imebaki.* *Pabalot po*, nayo itafungwa kwenye mifuko ya plastiki, supu mbali na nyama. Ifikishe kwenye jokofu mapema. Kesho yake ondoa tabaka la mafuta lililoganda juu, chemsha hadi itokote kabisa, na utie mboga mpya, kwa kuwa za jana zitakuwa zimechoka. Tabaka lile usilitupe, linafaa kukaangia wali na kitunguu saumu.

Kama uko Ghuba

Wengi wenu hamtakutana na bulalo Batangas bali Dubai, mitaa ya Satwa na Karama, ambako migahawa ya Kifilipino ni mingi. Hatua ni zilezile, isipokuwa ya nne inakuwa nyepesi: katika Falme za Kiarabu nguruwe huuzwa tu na wenye kibali maalumu na hutajwa wazi, kwa hiyo mgahawa wa kawaida hauna. Kalamansi mbichi huwa haba, utaletewa ndimu ya kawaida. Nusu yake inatosha badala ya kalamansi tatu, maana uchachu wake ni mkali zaidi. Siku za mapumziko meza hujaa mapema. Mwambie mwenzako wa kazini Mfilipino akupeleke yeye, umwache aagize, na uangalie anavyotengeneza sawsawan yake kabla hujaanza ya kwako.